Mekatilili katika baridi ya Kisii

Barua za vijana wanaojifunza utunzi hunijia mwezi wa Julai kuliko mwezi mwingine wowote, na sababu yake si fumbo. Kusi limeshika, bahari imechafuka, vyombo vimepandishwa pwani, mvua ya rasharasha yaja na kwenda, na kijana asiye na kazi ya kumtoa nyumbani hujifunika shuka, akashika kalamu, kisha akakuta hana la kuandika. Mmoja wao, mwana wa Malindi, ameniuliza mwaka huu swali lililonikaa moyoni. Ataka kujua mtunzi apate wapi mambo ya kutungia msimu huu wa kipupwe, na kumbukumbu za kumsaidia azitafute wapi. Nadhani alitaraji nimtajie diwani mbili tatu za kusoma. Badala yake nataka kumpeleka Kisii.

Asistuke. Mimi mwenyewe nilistuka nilipofika huko mara ya kwanza, mwezi kama huu, miaka mingi iliyopita. Mji wa Kisii uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Nyamira, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kisii na tangu 2013 ni kaunti yake yenyewe, vilima vinazidi kuinuka na baridi inazidi kuuma. Mvua huko haina msimu kama tuujuavyo sisi. Hunyesha karibu mwaka mzima. Kila mteremko una migomba na chai, na ukungu wa asubuhi haupandi hadi jua liwe limekomaa. Nilivaa fulana mbili na koti, na bado nikawa natetemeka kama kifaranga aliyelowa. Hakuna mnazi hata mmoja wa kuegemeza macho.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa upande wa Nyamira, aliniweka karibu na moto jikoni kwa mama yake, maana sebuleni hakukaliki. Usiku ule mama alisimulia habari za Moraa, mwanamke wa Kigusii aliyewachochea vijana wapigane na Waingereza. Alipokwisha akanigeukia, akaniuliza kama sisi watu wa Pwani tungali tunamkumbuka yule mama wetu aliyeletwa kufungwa huku kwao. Nilibaki kimya. Jina la Mekatilili wa Menza nilikuwa nalijua. Nani Pwani asiyelijua? Lakini kwamba alifungwa Kisii, katika baridi hiyohiyo iliyokuwa ikinitoa machozi, nilikuwa nimelisoma mahali nikalisahau. Niliona haya, tena haya kubwa, kukumbushwa habari za nyumbani na bibi ambaye hajapata kuiona bahari. Basi msomaji wangu, kisa chenyewe ni hiki.

Alizaliwa Mnyazi wa Menza, katika nchi ya Wagiriama upande wa Ganze, kati ya miaka ya 1840 na 1860. Tarehe hakuna, maana hapakuwa na wa kuiandika. Alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume. Alipoolewa na kujifungua, mwanawe akaitwa Katilili, na yeye kwa desturi ya kwao akawa Me-Katilili, yaani mama Katilili. Hivyo jina tunalomwita ni jina la mama, na kwa jina hilo la mama ndiko alikojulikana na serikali nzima.

Kuna jambo moja la utotoni mwake ambalo watunzi wa mijini kwetu huliruka, nami sitaliruka. Mapokeo ya Wagiriama yasema kaka yake mmoja, aitwaye Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, naye akiona kwa macho yake, na Mwarandu hakuonekana tena. Wafanyabiashara hao hawakutoka mwezini. Walitoka katika miji hii ya ufukweni, wakivaa kanzu kama zetu na kuswali kama tunavyoswali. Atakayetunga utenzi wa Mekatilili akauanza na Mzungu atakuwa ameuanza katikati. Mwanamke yule alijifunza mapema kwamba mgeni akija na biashara huenda akaondoka na mtu, na alipokuja mgeni wa pili, mweupe, mwenye karatasi na kodi, hakuwa na haja ya kufundishwa.

Mgeni huyo wa pili alikuwa Arthur Champion, aliyepelekwa kuwatawala Wagiriama mwaka 1912. Kabla yake serikali ya Waingereza ilikuwa haijawagusa sana. Wagiriama walikuwa wakulima hodari wa mahindi na mtama, nafaka yao ikilisha miji ya pwani, na walikuwa na biashara yao ya pembe za ndovu. Serikali ilitaka mambo mawili kwao: kodi ya nyumba, na vijana wa kwenda kufanya kazi kwa mshahara katika mashamba ya walowezi na bandarini Mombasa. Pembe zikapigwa marufuku, tembo la mnazi likawekewa masharti. Sisemi neno juu ya tembo, kila mtu na dini yake. Lakini kwa Mgiriama wa siku zile hapakuwa na mahari, matanga wala kikao cha wazee bila ya hilo.

Mekatilili wakati huo alikuwa mjane aliyepita makamo. Hakuwa na cheo. Wazee wa Kigiriama walikuwa na baraza lao, na wanawake hawakukaa ndani yake. Alichokuwa nacho ni kinywa na miguu. Alikuwa akiingia kijiji na kikundi cha wanawake wakicheza kifudu, ngoma ya kilio cha wafu. Watu wakisikia kifudu hutoka, maana ngoma ile haichezwi ovyo, na wakishakusanyika aliwaeleza kwamba vijana watachukuliwa kama walivyochukuliwa ndugu zao wa zamani. Hapo ndipo mimi kama mtunzi humvulia kofia. Hakuwa na gazeti wala mimbari, akatafuta sanaa iliyokuwapo tayari, ambayo kila mtu aliijua na kuiheshimu, akaitia ujumbe. Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola. Katikati ya mwaka 1913 watu wakakutana Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama ndani ya msitu upande wa Kaloleni, na hapo vikaliwa viapo viwili: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Ofisi ya Champion ikawa haina mtu. Waliokuwa wakileta habari hawakuleta, waliokuwa wakilipa hawakulipa.

Kisa cha kuku mnakijua. Katika mkutano wa Agosti 1913 alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mama akamweleza kwamba ndivyo atakavyopata akijaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Wasimuliaji wengine huongeza kwamba mkutano uliishia kwa risasi. Kisa chenyewe kimesimuliwa mara nyingi mno hata kimelainika kama kokoto ya mtoni, na mtunzi mpya akikigusa aangalie asikirudie tu kama kilivyo.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa. Hukumu ilikuwa kuhamishwa mbali kwa muda wa miaka mitano, na pahali palipochaguliwa ni Kisii.

Kwa nini Kisii? Tazama ramani. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Kisii hadi Malindi, kama arukavyo ndege, ni zaidi ya kilomita 600. Kwa miguu, pamoja na vilima, mito na nyika, ni mbali zaidi sana. Lugha ya huko ni nyingine, chakula kingine, hewa nyingine. Serikali ilitaka kumweka mahali ambapo kinywa chake hakitafaa kitu, kwa kuwa hakuna wa kumsikia, na miguu yake haitafaa kitu, kwa kuwa hakuna njia aijuayo. Mtu aliyezaliwa chini ya minazi na mikwaju akatupwa katika ukungu. Mimi nilikaa huko wiki mbili nikiwa na koti, chai ya maziwa na mwenyeji mkarimu, nikaugua kifua.

Hata hivyo waliompeleka Kisii walisahau Kisii ni mahali gani. Miaka mitano tu nyuma yake nchi ile ilikuwa imewaka moto. Waingereza waliwapiga Wagusii mwaka 1905, wakachukua ng'ombe wao. Mwaka 1907 ofisa G. A. S. Northcote akaja kufungua kituo mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Moraa, mganga na mwaguzi, akawaambia vijana kwamba kuishi hivyo ni aibu. Januari 1908 kijana wa jamaa yake, Otenyo, akamvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye, mwaka 1937, akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupona, alipigwa risasi. Jeshi likapita vijiji vya Gusii likichoma nyumba na kuua, hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akaandika kulalamika juu ya wingi wa watu waliouawa. Serikali ya namna hiyo, ikitafuta mahali patulivu pa kumfungia mwanamke mwasi, ikamleta katika nchi ya mwanamke mwasi mwingine.

Najua kijana wa Malindi akifika hapa kalamu itaanza kumwasha. Atataka Mekatilili na Moraa wakutane. Mmoja yu kifungoni, mwingine nyumbani kwake milimani. Mmoja kwa kuku, mwingine kwa mkuki. Nani asiyetaka kuwakutanisha? Nami nilitaka, usiku uleule karibu na moto. Lakini hakuna karatasi wala masimulizi niliyopata kuyasikia yasemayo walionana, na mwenye kuandika maisha ya mtu si sawa na mwenye kuandika hadithi. Atakayewakutanisha na afanye hivyo, ila aseme wazi kwamba ni kubuni kwake, asije akamzulia marehemu.

Na kwa nini azue, ilhali kweli yenyewe yatosha? Tarehe 14 Januari 1914, baada ya kama miezi mitatu tangu kukamatwa, Mekatilili na Wanje wakatoroka kifungoni.

Hapa nataka kumfundisha kijana wangu jinsi ya kuchimba. Sisi tuliopita chuoni tuna kalenda mbili kichwani. Nilipoipata tarehe hiyo katika vitabu nilikaa nikahesabu kwa Hijra, nikakuta ni katikati ya mwezi wa Safar, mwaka 1332. Maana yake ni kwamba walitoka siku mbili tatu tu baada ya mwezi mpevu. Katika siku hizo mwezi huchelewa kidogo kutoka. Jua likizama kunakuwa na kipande cha kiza kamili, kisha mwezi huchomoza mashariki ukiwa bado mkubwa, nao huangaza hadi alfajiri. Kiza cha kutokea, halafu mwanga wa kuendea. Sisemi walipanga hivyo. Nasema mwezi ulikuwapo, na ulichomoza upande wa kwao.

Walitembea. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, lakini mtoro hapandi gari moshi la serikali iliyomfunga. Mbele yao palikuwa na nyanda za juu, Bonde la Ufa, kisha nyika kavu kabla ya kuikaribia pwani. Mama aliyepita makamo na mzee mwenzake walivuka nchi ya watu wasiosikia lugha yao, miezi ya Januari, Februari na Machi, ambayo ni miezi ya jua kali. Walifika kwao. Walipokula, walipolala, nani aliwapa maji, hilo ndilo shamba la mtunzi. Hapa si kuzua. Ni kujaza, na tofauti yake kila mtunzi mwaminifu aijua.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Serikali ilipoona viapo vimepata nguvu upya iliazimia kuibomoa Kaya Fungo. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya ikalipuliwa kwa baruti. Siku ileile, huko Ulaya, Uingereza ilikuwa ikiingia vitani na Ujerumani. Na hesabuni tena: ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1332, siku ya kumi na kitu. Babu zetu mijini walikuwa wamefunga. Kila nikifikia hapa hujiuliza ni nani kati yao aliyepata habari za mlipuko ule, akazipima vipi, na je, usiku ule baada ya tarawehe zilizungumzwa barazani au la. Siku tatu baadaye, tarehe 7 Agosti, Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena. Lakini moto ulikuwa umekwisha kushika; katikati ya mwezi huo vita vikalipuka kati ya Wagiriama na serikali. Bunduki zikapambana na mishale. Nyumba zilichomwa kwa wingi, mbuzi wakachukuliwa, na mwishoni Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vijana 1,000 wa kufanya kazi.

Na Kisii je? Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana hapohapo Kisii, baada ya askari wa Kijerumani kuvuka mpaka na kuuingia mji. Serikali iliyokuwa imempeleka Mekatilili huko kwa kuwa ni mahali salama ikajikuta inapigania mahali hapo. Kama asingetoroka angaliusikia mzinga wa vita vya watu wengine.

Mekatilili aliachiliwa, na mwaka 1919 alikuwa amerudi kwao. Serikali ilikuwa imechoka. Iliwaruhusu Wagiriama kuirudia Kaya yao. Mapokeo yasema Wanje aliongoza baraza la wanaume na Mekatilili baraza la wanawake. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini, bara ya Malindi. Sanamu yake ilisimamishwa Malindi mwaka 2010, na kila Agosti watu hukusanyika kumkumbuka. Ameandikiwa vitabu na michezo, na jina lake limo katika masomo ya watoto wetu.

Ama mahali pa kutafuta, kwa kuwa uliuliza, kijana wangu. Anza na nyumba ya kumbukumbu za taifa, Nairobi, lile jengo la zamani la benki lililo katikati ya mji, ambako ripoti za maofisa wa wilaya zimehifadhiwa. Ukizisoma kumbuka ni maneno ya upande mmoja. Champion mwenyewe aliandika juu ya Wagiriama, na maandishi yake yalichapishwa kitabu mwaka 1967. Msome bila ya kumpenda, aliona mengi. Kisha kitabu cha Cynthia Brantley cha mwaka 1981 juu ya Wagiriama na upinzani wao, ambaye aliwasikiliza wazee pamoja na kusoma majalada. Baada ya hapo funga vitabu, nenda Magarini na Kaloleni ukakae na wazee. Na ikiwezekana panda basi uende Kisii mwezi wa Julai, bila koti.

Juu ya bahari ya utungo usinilalamikie. Tenzi tunazo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga habari za vita vya Wadachi na watu wa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga vita vya Maji Maji, wote wakiwa na wino wa chuoni na herufi za Kiarabu. Watu hao hawakungoja msimu mzuri. Kilichotuzuia sisi kumtungia mama wa Kigiriama si uhaba wa vina. Nadhani ni Mwarandu. Ubeti wa kwanza kabisa unatudai habari zake, na mtunzi akikaa kuuandika hukuta mkono mzito.

Kijana amenijibu kabla sijamaliza makala hii. Ameleta beti kumi na mbili, vina vyake vimetulia, mizani imepungua mahali pawili. Mwarandu ameingia katika ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa tisa Mekatilili na Moraa wamekaa pamoja wakiota moto. Nimemrudishia, nikamwomba aandike chini yake kwamba hapo ni kubuni kwake, na kwamba ule ubeti wa mwezi wa Safar aukuze uwe mitatu.